Mkanda wa Nyuma

Nilikwambia, Muadh, si saa ya magharibi.
Magharibi taa za Wadi Kabir zinawaka zote,
na chini ya taa zile hata debe la mafuta ni lulu.
Twende alfajiri, tukitoka kusali,
injini ingali baridi,
kabla Yaarub hajawahi kuliamsha.

Tukalikuta limepiga magoti.
Benzi jeusi, la wakala, mwenyewe mmoja, daktari,
bega la kushoto limelalia tairi
kama ngamia aliyekataa safari.
"Sakafu ina mteremko," Yaarub akasema.
Nikaiweka bilauri yangu ya chai pale chini.
Chai ilikaa sawa.

Aliponisikia nikikusemesha, akaacha Kiarabu.
"Kumbe Bi Zuwena wa kwetu!
Bibi yangu kazaliwa Mkoani. Sisi kwa sisi, tena?"
Nikamwambia nimefurahi, na nikaomba tochi.
Ujamaa haukazi nati.

Wewe ulikwisha kuzama kitini,
ngozi rangi ya tende, kiganja juu ya usukani
unaupapasa kama kichwa cha mtoto aliyelala.
Nikajua: huyu ameshaposa,
mimi nimeletwa kula halua tu.

Mita inasoma elfu sitini na mbili.
Mpira wa breki umelika hadi chuma kinachungulia.
Daktari gani huyu, mguu wake mzito hivi?
Nikachutama, magoti yakilalamika, nikasoma matairi:
matatu ndugu wa wiki moja,
la nne mtoto wa kambo.
Sumaku ikashika mlango wa mbele, ikashika wa nyuma,
juu ya gurudumu ikateleza, ikaanguka.

Lakini niseme haki: injini ilikuwa nzuri.
Ilisita kidogo, kama mtu anayepapasa miwani gizani,
kisha ikatulia, na moshi hakuna.
Ukanitazama kwa ushindi.

Saa saba mchana nikakurudisha, Julai ile,
lami inanata kwenye viatu.
Baridi ikatoka mara moja, jasho likakauka shingoni,
na baridi ikaja na udi.
Udi mwingi.
Mimi nimefukiza nguo tangu sijavunja ungo;
naujua udi wa kupokea mgeni
na naujua udi wa kufunika jambo.
Chini yake palikuwa na jamvi lililolala maji.

Mikanda ya mbele hubadilishwa. Nikaenda nyuma.
Nikauvuta, nikauvuta, mpaka ukagoma,
na pale karibu na mwisho, ambapo hakuna abiria anayefika,
mstari.
Rangi ya chai ya maziwa.
Kitambaa kimekakamaa, mchanga umo ndani ya nyuzi.

Naujua mstari huo, Muadh.
Ninao kwangu Suwaiq, nyuma ya kabati la sahani,
kimo cha kiuno.
Fundi alitaka kuupiga rangi, nikamkataza.
Usiku ule wa kimbunga tulikuwa darini na mama yako,
wewe uko masomoni,
na chini yetu mtungi wa gesi ulielea chumba hadi chumba
ukigonga milango
kwa adabu, kama mgeni asiyejua anakolala.

Yaarub aliuangalia mkanda mkononi mwangu.
Kiswahili kikamkauka. Akasema kwa Kiarabu, taratibu,
kwamba kalinunua mnadani Barka, hakujua.
Pengine kweli hakujua.
Aliyemuuzia naye huenda alikuwa na udi.

"Na bei ikishuka, mama mdogo?" ukauliza,
hukugeuka, mkono uko pale pale kwenye usukani.

Nikauachia mkanda.
Ulirudi polepole, ukakwama mara mbili,
ukaingia.
Ufunguo bado ulikuwa kwako.